JKT: Kujitolea, mujibu wa sheria, au foleni ya ajira? Wazee wa Kusini njooni mtupe historia

#1 mkorosho_mkavu (mleta mada)

Wakuu kwema? Nipo Mtwara, huku Ufukoni. Uzi huu umeletwa na begi.

Mpwa wangu karudi wiki iliyopita baada ya miaka miwili ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya kujitolea. Kashusha begi barazani: bukta mbili, raba zilizolika visigino, sahani ya bati, na cheti ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe. Tangu anashuka kwenye basi, cheti alikuwa nacho mkononi, begi kalibeba dogo lake.

Marehemu baba naye alikuwa na cha kwake cha 1980, alikwenda akitoka chuo cha ualimu. Kipo mpaka leo kwenye sanduku la bati, chini ya risiti za korosho za chama cha msingi. Sikumbuki baba akikitoa kumwonyesha mtu. Huyu kijana siku ya pili tu kesha toa kopi nane.

Nikajiuliza, hivi hiki ni kitu kimoja kweli au ni jina tu limebaki? Ninachokijua ni hiki. JKT ilizinduliwa tarehe 10 Julai 1963, wazo likitokea TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama tawala cha wakati ule. Mwanzo ilikuwa hiari tupu, anaingia anayetaka. Mwaka 1966 ikawa lazima kwa wasomi. Mwaka 1994 serikali ikasimamisha, mfuko ulikuwa umetoboka. Mwaka 2001 wakarudishwa wa kujitolea, na 2013 wakarudi wa mujibu wa sheria, yaani hawa wa kidato cha sita.

Wenye kumbukumbu karibuni. Wenye matusi jukwaa lenu lipo kule chini.

#2 Uraka_Baridi

Siti ya mbele. Nimekuja na karanga zangu, ingawa karanga na serikali huku Nachingwea zina historia yake hahaha.

#3 kuruta_wa_mafinga

Mleta mada umenikumbusha mbali. Mimi ni mtu wa Newala, nilipangiwa Mafinga, mwaka 1982. Kwanza hiyo safari. Nyie wa siku hizi mnalala Mtwara mnaamka Dar. Sisi kulikuwa na Rufiji, na daraja halikuwepo, Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003. Unafika Ndundu unakuta pantoni limekwama, masika yamejaa, mnalala kando ya mto na mbu siku mbili, tatu. Niliripoti kambini nimechelewa siku nne. Afande hakuuliza pantoni wala Rufiji ni nini. Nilipokelewa na kichura, naruka kutoka getini mpaka kwenye hanga, bweni letu, na sanduku kichwani.

Halafu baridi. Mtu wa Newala anaijua baridi ya ukungu wa asubuhi, akidhani ndiyo baridi. Mafinga mwezi Juni ukiacha maji kwenye ndoo nje alfajiri unakuta yana ngozi juu. Saa kumi kipenga, mchakamchaka, nyimbo, kisha shambani. Mahindi mpaka macho yachoke. Jioni mnakaa kuchambua maharage mabovu kutoka kwenye mazuri, afande anapita na tochi.

Hanga letu lilikuwa na Mhaya, Mchaga, Mmasai mmoja aliyekuwa hawezi kula samaki kabisa, Mzanzibari, na mimi Mmakonde mwenye chale usoni ambaye siku ya kwanza walinikimbia. Mwezi wa tatu tulikuwa tunaazimana sabuni. Yule Mhaya alikuja kunizikia mama yangu mwaka 1997, kutoka Bukoba. Hicho ndicho cheti changu.

#4 Lulindi_Boy

> Mwanzo ilikuwa hiari tupu

Mkuu tusipambe. Hii kitu tuliiga Urusi au China, ujamaa ule ule, vijana wakajengwe ukakamavu wa chama.

#5 mkorosho_mkavu (mleta mada)

> tuliiga Urusi au China

Hapana mkuu, hapo umeteleza. Washauri wa mwanzo wa JKT walitoka Israel. Wao walikuwa na kikosi chao kinaitwa Nahal, tangu 1948, kijana anashika bunduki na jembe kwa pamoja, anaanzisha kijiji mpakani. Nyerere na wenzake walivutiwa na jembe zaidi. Mchina alikuja baadaye kwenye mambo ya jeshi.

Bunduki nayo haikuchelewa. JKT ina miezi sita tu, Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles wakaasi pale Colito, ndiyo Lugalo ya leo. Jeshi zima likavunjwa. Ilipoundwa JWTZ, jeshi jipya la wananchi, Septemba mwaka ule ule, vijana walichukuliwa TANU Youth League na JKT. Kwa hiyo huu mlango wa kutoka JKT kwenda jeshini, ambao wajomba na wapwa zetu wanaupigia foleni leo, ulifunguliwa JKT ikiwa haijatimiza hata mwaka na nusu.

#6 Mmatumbi_Halisi

Naomba niingie kwa mlango wa nyuma. Mimi wa Kilwa, milima ya Matumbi. Huku kwetu neno la serikali kukwambia "njoo ulime kwa faida ya wote" lina umri mkubwa kuliko TANU. Mjerumani alileta shamba la pamba la jumbe, kila mtu anakwenda kwa zamu, malipo ya kudhalilisha, shamba lako mwenyewe linaota majani. Julai 1905 watu wa Nandete wakang'oa miche ya pamba, na Majimaji ikaanzia hapo. Kinjekitile alikuwa Ngarambe, jirani tu.

Mwingereza naye akaja na karanga za Nachingwea mwaka 1947. Matrekta, reli kutoka Mtwara, bandari mpya. Miaka michache wakafunga, karanga zenyewe hazikuonekana. Reli nayo iling'olewa tukiwa tayari tumejitawala.

Kwa hiyo ukimwambia mzee wa huku "kujitolea", anakutazama usoni kwanza aone ni nani anayejitolea na ni nani anayetolewa. Babu yangu alikuwa anasema hivyo hivyo kila tukiitwa kuchimba msingi wa zahanati. Na alikuwa anakwenda, tena wa kwanza, na jembe lake.

#7 Uraka_Baridi

> anayejitolea na anayetolewa

Hii naiandika ukutani.

#8 Msomi_Asiye_Kazi

Tuongelee 1966 maana naona mmeirukia. Wasomi wetu wa kwanza wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966 kukataa JKT. Mnaambiwa walikuwa wana kiburi. Mimi nasema walijua hesabu. Sheria ilitaka miaka miwili: miezi michache kambini, inayobaki, kama mwaka na nusu, upo kazini kwako unalipwa asilimia 40 ya mshahara. Mtu kasomeshwa kwa korosho za baba yake, wadogo zake sita wanasubiri ada, unamwambia asilimia 60 aache. Leo mtu akikatwa bodi ya mikopo analia hapa kurasa ishirini.

#9 mkorosho_mkavu (mleta mada)

Mkuu hesabu yako iko sawa, ila umeacha nusu ya pili. Walibeba mabango, na moja lilidai wakati wa mkoloni kulikuwa na nafuu. Ndani ya miaka mitano ya uhuru! Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu akawatimua, wanafunzi 393 wakarudishwa makwao. Na kwenye hilo la mishahara aliwapa haki: akakata wake kwa asilimia 20 hapo hapo, na ya wakubwa wengine ikapunguzwa. Miezi mitatu mbele likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Wengi wao walikuja kurudishwa chuoni baadaye.

Sasa hapa ndipo nilipotaka tufike. Aprili 2021, vijana wa JKT wa kujitolea, waliokuwa wameshiriki ujenzi wa Ikulu ya Chamwino, waligoma na kutaka kuandamana kwenda Ikulu kudai ajira. Mkuu wa Majeshi alitangaza vijana 854 wameondolewa.

Yaani 1966 kijana anakwenda Ikulu kusema *sitaki kuingia*. 2021 kijana anataka kwenda Ikulu kusema *msinitoe*. Wote wakarudishwa nyumbani. Katikati hapo kuna miaka 55 na hicho ndicho ninachokitafuta kwenye uzi huu, ni wapi mambo yaligeuka.

#10 kuruta_wa_mafinga

Wakati wangu mtu alijua akimaliza kuna kazi inamngoja. Hiyo ndiyo tofauti, hakuna nyingine. Azimio la Musoma la 1974 lilisema huendi chuo kikuu mpaka upite JKT na ufanye kazi kwanza. Sasa ili ufanye kazi kwanza lazima kazi iwepo. Ilikuwepo. Tulilalamikia unga wenye wadudu, hatukulalamikia kesho.

#11 Bi_Mkubwa_Tandahimba

Wanangu, mnaongea kama JKT ilikuwa ya wanaume tu. Mimi nilikwenda 1984, Ruvu, na sikujitolea, nilipelekwa na sheria.

Siku ya kwanza walitunyoa. Nilikuwa nimesukwa na dada yangu usiku kucha ili niende na heshima. Wembe dakika tatu. Nililia, jirani yangu Mpare akacheka, zamu yake ilipofika akalia yeye nikacheka mimi.

Nawaambia kitu kimoja ambacho wanaume hamkioni. Kwetu msichana anachezwa unyago, anawekwa ndani, anafundishwa na makungwi, anatoka ni mtu mzima. Kule Ruvu niliona ni unyago mwingine, wa serikali. Unawekwa ndani, unanyolewa, unaimbishwa, unafundishwa kwa maneno makali, unatoka wanakutazama upya. Tofauti ni kwamba makungwi wa kwetu walikufundisha kukaa na mume, wa Ruvu wakanifundisha kufungua bunduki na kuifunga nimefumba macho. Mume wangu nilipomwambia hivyo kabla ya ndoa alinyamaza siku nzima.

Yapo mabaya. Wapo maafande waliokuwa wanajiona miungu, na msichana asiye na mtu wa kumsemea alipata tabu. Sitaingia huko hadharani, ila asiwadanganye mtu kwamba ilikuwa kuimba nyimbo tu.

Mleta mada, mpwa wako kule alifundishwa kazi gani ya mkono? Hilo hujasema.

#12 Mwl_wa_Uraia

Shikamoo Bi Mkubwa. Unyago wa serikali, nitakuibia hiyo darasani.

Wakuu, tukitazama kwa majirani na mbali kidogo tutaona hatuko peke yetu. Wakenya walianzisha NYS yao 1964. Nigeria wakaanzisha NYSC 1973, miaka mitatu baada ya vita ya Biafra kwisha, na sharti lao kubwa ni mhitimu apelekwe jimbo lisilo la kwao. Ile ya Mhaya na Mmakonde hanga moja, wao wameifanya ndiyo kiini. Malawi wakawa na Young Pioneers tangu 1963, ikageuka mkono wa chama, mkono mzito, mpaka jeshi likawapokonya silaha Desemba 1993. Tukiwa tunasifu yetu tukumbuke na ile ingeweza kwenda njia gani.

Kitakachowashangaza ni Marekani. Mwaka 1933, uchumi umeanguka, vijana wanazurura, Roosevelt akafungua makambi yanayoitwa Civilian Conservation Corps. Makambi yanasimamiwa na maofisa wa jeshi, kazi kupanda miti, kuchonga barabara, kujenga mabwawa. Hadi yanafungwa 1942 vijana kama milioni 3 walipita. Mshahara dola 30 kwa mwezi, na sikilizeni hapa: dola kama 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi wake. Kijana yuko porini, mama yake anakula. Pale hakuna aliyejidai ni kujitolea. Walikiri wazi kwamba ni ajira ya muda.

Halafu 1961 wakaanzisha Peace Corps, na kati ya vikundi vya kwanza kabisa kutumwa duniani kimoja kilikuja kwetu Tanganyika, wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia, kwa ajili ya barabara. Mwaka 1969 wakaondoka, 1979 wakarudi. Wengine wenu humu mmefundishwa hesabu nao.

#13 Lulindi_Boy

Nimefundishwa mimi, fizikia, na mpaka leo natamka "mass" kwa puani. Hoja ya Urusi naifuta, nimekubali.

Ila Mwalimu, hiyo ya dola 25 imenichoma. Posho ya kijana wetu wa kujitolea inaishia kwenye sabuni na vocha, na mama huku anamtumia yeye nauli.

#14 Kijana_wa_2014

Mimi nilikuwa mujibu wa sheria, kundi letu liliitwa Operesheni Miaka 50 ya Muungano. Miezi mitatu. Wazee mkisikia miezi mitatu mnacheka, najua. Tulikuwa tunaitwa "wageni" na wale wa kujitolea. Na wao tuliwaonea huruma, maana sisi tulikuwa tunahesabu siku za kwenda chuo, wao wanahesabu nafasi. Kukija tetesi Magereza wanachukua, kambi nzima usiku haisemi jambo lingine. Kuna mmoja alikuwa na daftari kaandika: JWTZ, Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto, na mbele ya kila moja tiki au kosa. La mwisho kabisa aliandika "lindo SUMA", yaani ulinzi wa kampuni ya JKT yenyewe, kwa kalamu nyekundu.

Namba ya simu ninayo bado. Ni mlinzi benki fulani. Tiki yake aliipata.

#15 Msomi_Asiye_Kazi

> Kambi nzima usiku haisemi jambo lingine

Sasa huyo ndiye mtu wa kumwambia "uzalendo"? Mtangazie usaili wa JKT wilayani kesho, uone foleni. Hawafuati nyimbo. Ukitaka ajira jeshini au kwenye vyombo vingine, tangazo linakuuliza ulipita JKT. Hilo si kosa la kijana. Serikali yenyewe ndiyo imegeuza jembe kuwa fomu ya maombi.

#16 kuruta_wa_mafinga

Mkuu hata sisi hatukufuata nyimbo. Tulikamatwa na sheria. Uzalendo ulitukuta kule kule tukichambua maharage.

#17 Mjukuu_wa_Masasi

Nimesoma wote, hamjamtaja mtu mmoja. Wale waliojitolea bila kombati.

Bibi yangu alijifunza kusoma akiwa na watoto watano, kwenye kisomo cha watu wazima, chini ya mwembe, Masasi vijijini. Aliyemfundisha alikuwa kijana wa darasa la saba wa kijiji hicho hicho, tena mtoto wa hawara wa babu, kwa hiyo mjue ilimgharimu bibi nini kumwita "mwalimu". Mwaka 1967 Watanzania waliojua kusoma walikuwa kama theluthi. Kwenye ule mtihani wa taifa wa Agosti 1975 wakaonekana asilimia 61. Zile asilimia hazikuletwa na magwaride, zililetwa na vijana na walimu waliokuwa wanafundisha jioni kwa shukrani na pengine mkungu wa ndizi.

Bibi mpaka anakufa alisoma kila kitu kwa sauti. Mifuko ya saruji, mabango ya basi, kipimo cha dawa ya korosho. Ukipita naye Masasi stendi unaona aibu.

#18 Mmatumbi_Halisi

Huyo kijana mtoto wa hawara ndiye pekee humu aliyejitolea kweli. Wengine wote tumetolewa au tumepanga foleni.

#19 Bi_Mkubwa_Tandahimba

Mmatumbi punguza ukali, na babu yako aliyekuwa wa kwanza na jembe utamweka wapi?

#20 Mmatumbi_Halisi

Shikamoo. Nimenyamaza.

#21 Uraka_Baridi

Kwa mara ya kwanza tangu nijiunge humu, Mmatumbi kanyamaza. Modi wekeni uzi huu juu.

#22 Mwl_wa_Uraia

Naongeza kwa mleta mada swali lake la "ni wapi mambo yaligeuka". Mimi naweka kidole 1994 hadi 2001. Ile miaka saba. JKT ilipokuwa imesimama, wakati huo huo viwanda vinauzwa, ajira serikalini zimefungwa, vile vya korosho huku kwetu milango ina kutu. Ilipofunguliwa tena kwa wa kujitolea, kijana aliyekuwa getini hakuwa yule wa 1963 aliyetoka kwenye shamba lenye kazi na nchi inayosaka watu. Geti lile lile, kambi ile ile, kipenga kile kile. Nje ya geti ndiko kulikobadilika.

#23 Msomi_Asiye_Kazi

Hapo sina la kupinga, na mnajua napenda kupinga.

#24 mkorosho_mkavu (mleta mada)

Nilikuwa nimetingwa, ni wakati wa kupulizia salfa, mnisamehe.

Bi Mkubwa, nimemuuliza. Alifundishwa kufyatua tofali na kuchomea kidogo. Nikamwuliza mbona hukusema, akaniambia "Mjomba hukuuliza, uliuliza kama nimepangiwa". Kweli nilimuuliza hivyo, barazani, begi halijatua.

Nimemsomea uzi wote jana usiku. Ya 1966 alicheka sana, hakuamini kuna watu waliwahi kukataa. Ya 2021 hakucheka, kuna jamaa zake.

Asubuhi hii kaenda Naliendele, kuna mtu anajenga fremu mbili anataka tofali. Cheti kakirudisha kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka kwenye sanduku la babu yake juu ya kile cha 1980. Nimemwambia akitoe pale, mna panya. Kakitoa kakining'iniza kwenye msumari. Kopi kasema zimebaki mbili.